Koki ya Chini

Chini ya boti yangu, Usiniulize, kuna tundu
la upana wa dole gumba.
Si ufa. Ufa ningeuziba.
Hili nililipia. Bundala alilitoboa mchana kweupe pale Luchelele,
akapachika koki ya shaba, akavisha mpira, akakaza klempu mbili,
ziwa likapata mlango wake wa kuja kupoza injini.
Akanipa mkono wenye grisi: "Hongera, Mama Nyanjige."
Hakuniambia mlango ule usiku unalalaje.

Malegesi, nahodha wangu, Mkerewe,
yeye hufunga.
Hufunga kila jioni, hufunga hata tukitia nanga kunywa chai.
Boti yake ya zamani ilipasuka mpira ikiwa gatini Kirumba,
hakuna upepo, hakuna wimbi,
ziwa limetulia kama uji ulioanza kufanya utando.
Alfajiri akakuta kamba mbili zimekazana kwenda chini,
paa la kibanda,
na juu ya paa yangeyange mmoja, amesimama kwa mguu mmoja.
"Maji hayakuvunja kitu," husema. "Yaliingia tu."

Bundala hafungi.
Aliwahi kufunga. Alilala Kamanga,
akaamshwa saa tisa ya usiku kumvusha mjamzito,
akawasha injini macho yakiwa bado na usingizi
na koki imefungwa vilevile.
Katikati ya ghuba injini ikanuka, ikakohoa, ikakaza taya.
Mtoto alizaliwa juu ya magunia ya mihogo,
mzima, mwenye sauti kuliko honi;
wakampa jina la Bundala,
na Bundala mkubwa akalipa hedi na pistoni
miezi kumi na minne.
"Ziwa halina chumvi," husema, "shaba haina wa kuila.
Nikaze klempu vizuri, nilale."

Nami niko katikati yao na thermosi ya chai.
Boti hii ni dagaa. Ni magunia niliyoyashona kwa mkono
yakapanda malori, yakavuka mipaka nisiyoijua.
Wote wawili wanasema kweli, hapo ndipo tabu ilipo:
ukiacha wazi, boti inaweza kuzama bila wewe;
ukifunga, unaweza kuiua kwa mkono wako.

Usiku wa mvua, huku Kitangiri juu ya mawe,
bati likianza kupigwa
mimi nahesabu klempu. Moja. Mbili.
Moja. Mbili.
Mume wangu alikuwa akiuliza, "Unahesabu nini?"
Siku hizi haulizi mtu.

Kisha nikamkumbuka mama,
aliyefunga ufunguo wa ghala kwenye mfuniko wa mtungi.
Ukitaka mahindi, kwanza utazame maji.
Mtungi ukiwa mtupu, ndoo ile pale, kisima kile kule.
Tulimwona mkali. Hatukukosa maji.

Jumatatu nikachukua uzi wa nyavu,
nikafunga ufunguo wa injini kwenye mkono wa koki,
kule chini, kwenye giza la ngama.
Atakayetaka kuwasha apige magoti kwanza,
azamishe mkono hadi kiwiko, apapase.
Malegesi alicheka mpaka akakaa chini.
Bundala hakusema neno; kesho yake alileta kopo la grisi,
akaizungusha koki mara kumi, wazi, funga, wazi, funga,
kama mtu anayemfundisha mtoto jina lake.

Leo nimetangulia mimi.
Jua bado liko nyuma ya mawe. Magoti yananiuma.
Mkono wa koki umekingama, ndiyo kusema imefungwa;
naulaza sambamba na bomba, robo mzunguko,
na mpira unashtuka kidogo, kama mshipa wa shingoni
mtu anapoitwa kwa jina.
"Karibu," naliambia ziwa. "Mpaka jioni."

Klempu ya pili imeanza kutu.
Nitamwambia Bundala.